Kabla ya kukopa mashine kubwa, wavuvi wapimiwe propela

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu jambo linalowagharimu wavuvi wadogo wa pwani yetu fedha nyingi, na ambalo sioni likizungumzwa ipasavyo. Mimi ni fundi wa mashine za boti hapa Tanga, na wateja wangu wengi ni wavuvi wa Sahare, Deep Sea, Tongoni na Kigombe. Kila boti inapolalamikiwa kuwa nzito, au kwamba haisikii usukani, ushauri unaotolewa pale dikoni ni mmoja tu: mwenye chombo auze mashine aliyonayo, aongeze fedha, anunue kubwa zaidi. Mwenye HP 15, yaani nguvu za farasi 15, anahangaikia HP 25, na mwenye HP 25 anakopa ili apate HP 40. Ninachotaka kusema ni kwamba mara nyingi ushauri huo si sahihi, na kwamba kabla mvuvi hajatia saini karatasi za mkopo anapaswa kupimiwa propela, kimo cha mashine, mzigo anaobeba na hali ya chombo chake upande wa chini, kwa kuwa huko ndiko mwendo unakopotelea.

Nianze na vyombo vya mbao, ambavyo bado ndivyo vingi. Mashua nzito haipandi juu ya maji. Inayasukuma na kuyapasua. Inapotembea hutengeneza wimbi lake yenyewe, na kadiri inavyokazwa wimbi hilo hurefuka mpaka likawa sawa na urefu wa chombo. Ikifika hapo, omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, hunyanyuka juu ya wimbi la mbele na tezi, yaani sehemu ya nyuma, huzama katika bonde linalofuata, na nguvu yoyote inayoongezwa huishia kuzamisha tezi zaidi. Kwa chombo chenye urefu wa mita 7 pale kinapogusa maji, kikomo hicho ni kama noti 6 na nusu, yaani kilometa 12 hivi kwa saa. Kwa chombo cha mita 9 ni noti 7 na kidogo. Mashua ya mita 7 ambayo tayari inatembea noti 6 kwa HP 15 haitatembea noti 12 kwa HP 30, hata mwenyewe atamani vipi. Itaongeza nusu noti, pengine noti nzima, na kile ambacho watu hukiona kama nguvu mpya, yaani povu jingi na mawimbi makubwa nyuma ya chombo, ni petroli iliyogeuzwa kuwa mawimbi.

Ngalawa na mitumbwi myembamba haifungwi sana na kikomo hicho, kwa sababu wembamba wake hufanya wimbi lenyewe kuwa dogo. Ndiyo maana tunaona ngalawa yenye mashine ya HP 8 au 9.9 ikiipita mashua yenye HP 25, na nahodha wa mashua akidhani kwamba mashine yake imechoka. Mashine haijachoka. Ni umbo la chombo, na umbo halibadilishwi kwa mkopo.

Hasara yake si ndogo. Mashine ya HP 15 ya kuchanganya petroli na oili, ikifunguliwa resi yote, hunywa takriban lita 6 hadi 7 kwa saa. Ya HP 40 ya aina hiyo hiyo hunywa lita 17 au zaidi. Mvuvi anayekwenda saa mbili na kurudi saa mbili afanye hesabu mwenyewe kwa bei ya petroli ya siku hiyo, kisha ajiulize ile noti moja aliyoongeza amenunua kwa samaki wangapi. Hata bila kubadilisha chochote, nahodha wa mashua anayepunguza resi kidogo, akashuka kutoka noti 6 na nusu hadi 5 na nusu, atachelewa kufika lakini atashangazwa na mafuta yatakayobaki kwenye dumu, kwa sababu karibu na kikomo cha chombo kila sehemu ndogo ya mwendo hudai mafuta mengi kuliko ile iliyoitangulia.

Boti za faiba ni habari nyingine, na hapa ndipo makosa yanapokuwa ghali zaidi. Boti hizi, zenye chini pana na bapa kuelekea tezi, zimeumbwa zipande juu ya maji na kuteleza, na zikishateleza kikomo nilichokieleza hakizihusu tena. Sharti lake ni uzito. Sisi mafundi hukadiria kwamba boti haitapanda vizuri iwapo kila nguvu moja ya farasi inabeba zaidi ya kilo 20 hadi 25. Tuchukue boti ya mita 7 yenye uzito wa kilo 500 ikiwa tupu. Weka mashine kilo 40, wavuvi sita kilo 420, nyavu kilo 150, petroli na dumu zake kilo 60, barafu kilo 100. Jumla ni kilo 1,270 kabla hajapakiwa samaki hata mmoja. Kwa mashine ya HP 15, kila nguvu ya farasi inabeba kilo 85. Boti hiyo haitapanda kamwe ikiwa na kikosi kamili, na hata ya HP 40 itapanda kwa shida asubuhi na kushindwa wakati wa kurudi na mzigo.

Simaanishi kwamba mwenye boti hiyo amekosa la kufanya. Namaanisha achague mojawapo kwa kujua. Anaweza kukubali kwamba boti yake, kwa mzigo wake, ni chombo cha kusukuma maji, aifunge mashine ndogo yenye propela inayofaa na atembee noti 6 kwa gharama ndogo. Au anaweza kuamua kwamba biashara yake, kwa mfano ya kuwahisha samaki wa barafu kwa wanunuzi wa asubuhi, inahitaji mwendo wa kuteleza. Hapo mashine kubwa ni halali yake, ila na mzigo upunguzwe. Kinachowaumiza watu ni kukaa katikati, ambapo mashine ni kubwa ya kutosha kuinua omo lakini haitoshi kuivusha boti juu ya wimbi lake. Boti ya namna hiyo hutembea imekaa kitako safari nzima, nahodha haoni mbele, na mafuta yanakwisha haraka kuliko katika hali nyingine yoyote.

Sasa nije kwenye propela, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya niandike. Kwenye kitovu au kwenye bawa la propela huandikwa tarakimu mbili, kwa mfano 9¼ x 9. Ya kwanza ni upana wa duara lake kwa inchi. Ya pili ni hatua yake, yaani umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inapita katika kitu kigumu kisichoteleza. Hatua ni kama gia ya baiskeli: kubwa inafaa kwenye tambarare bila mzigo, na ndogo inafaa kupandia mlima na gunia nyuma. Mashine nyingi zinazouzwa kwetu huja ndani ya sanduku zikiwa na propela iliyokusudiwa boti nyepesi inayoteleza, na mvuvi huifunga hiyo hiyo kwenye mashua yake nzito, akaitumia mpaka mabawa yaishe, kisha akanunua nyingine ya namba ile ile.

Hesabu yake inaweza kufanywa na mwanafunzi wa shule ya msingi. Mashine ya HP 15 ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, na gia zake zikipunguza mizunguko hiyo kwa zaidi kidogo ya nusu, propela huzunguka kama mara 2,400. Ikiwa hatua ni inchi 9, ambazo ni karibu sentimita 23, propela inajaribu kusonga mita 550 kila dakika, sawa na kilometa 33 kwa saa. Mashua inatembea kilometa 12. Tofauti hiyo yote ni mabawa yakiyakoroga maji huku mashine ikilemewa, na kwa kweli mashine haifiki hata hiyo mizunguko 5,000. Hukwama chini ya 4,000, ikitoa moshi, plagi zikiwa nyeusi, na kichwa kikipata joto kisichokuwa cha lazima. Kwa mashine nyingi za ukubwa huo, kitabu cha mtengenezaji kinaagiza kwamba resi ikifunguliwa yote, chombo kikiwa na mzigo wake wa kawaida, mizunguko iwe kati ya 4,500 na 5,500 kwa dakika. Ikiwa chini ya hapo, hatua ya propela ni kubwa mno. Ikizidi, ni ndogo mno. Kila inchi moja ya hatua inayopunguzwa huongeza takriban mizunguko 200, kwa hiyo mwenye mashua anayetumia propela ya inchi 9 au 10 anaweza kuhitaji ya inchi 7 au 8, yenye mabawa mapana. Bei ya propela ni sehemu ndogo sana ya bei ya mashine.

Kipimo hiki hakihitaji karakana. Kinahitaji takometa ya kushika mkononi, ambayo huhesabu mizunguko kwa kuwekwa karibu na waya wa plagi, na simu yenye GPS ya kuonyesha mwendo. Mvuvi apakie kama anavyopakia siku zote, asubiri maji yatulie, yakiwa yamekwisha kujaa au kupwa, ili mkondo usimdanganye, aende upande mmoja na kurudi upande wa pili, achukue wastani. Kwa pwani yetu tahadhari hii ya mkondo si mapambo. Mkondo wa bahari unaoelekea kaskazini huzidi nguvu wakati wa kusi, na siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, maji huingia na kutoka kwa kasi katika milango ya miamba. Nimewasikia watu wakiapa kwamba mashine fulani inakwenda noti 10 kumbe walikuwa wamebebwa.

Jambo la pili ni kimo cha mashine, na hili hupotosha watu wengi kwa sababu dalili zake hufanana na mashine kuisha. Juu ya propela kuna bamba bapa linalolala sambamba na maji. Bamba hilo linapaswa kuwa sawa na chini ya boti pale mashine ilipofungwa, au chini yake kwa sentimita 2 na nusu hivi. Kwa chombo kizito kinachoyumba sana linaweza kushuka kidogo zaidi. Likiwa juu mno, propela huvuta hewa, mashine hulia ghafla na boti haisogei. Likiwa chini mno, mguu wa mashine unakuwa breki na maji yanaruka juu ya ubao wa tezi, ule unaofungwa mashine. Mashine za shafti fupi, yaani zenye mguu mfupi, zimetengenezwa kwa ubao wenye kimo cha inchi 15 hivi, na za shafti ndefu kwa ubao wa inchi 20. Huo ndio utaratibu, lakini mnunuzi wa mashine ya mkono wa pili huangalia bei na sauti, haangalii shafti.

Kuna boti moja ya faiba ya kikundi iliyoletwa kwangu ikidaiwa kuwa mashine yake imekufa gia. Nilichukua ubao mnyoofu, nikauegemeza chini ya boti na kuuacha utokeze nyuma, na bamba la mashine likaonekana likiwa juu ya ubao ule kwa upana wa kiganja. Shafti ilikuwa fupi, ubao wa tezi ulikuwa wa inchi 20. Wenyewe walikuwa wamekwisha kubadilisha plagi, oili ya gia na hata propela, na walikuwa wameanza kukusanya michango ya mashine nyingine. Wiki ile ile alikuwapo jirani yao mwenye mashua ya ubao mfupi, aliyefunga mashine ya shafti ndefu ya nguvu ile ile, ambayo mguu wake ulikuwa ukigonga kila mwamba maji yanapopwa. Wakabadilishana mashine, wakaongezana kidogo kwa sababu moja ilikuwa mpya kuliko nyingine, na vyombo vyote viwili vikatengemaa. Naonya tu kwamba mwenye ubao mrefu asijaribiwe kuukata kwa msumeno ili mashine ishuke. Ubao ukishakatwa, wimbi la nyuma linaingia, na boti ya faiba inayojaa maji kwa nyuma haikupi muda wa kufua maji, yaani kuyatoa.

Vyombo vinavyofungwa mashine ubavuni vina taabu ya peke yake. Madau yenye tezi iliyochongoka, na baadhi ya mashua ambazo hazikujengwa kwa ajili ya mashine, hutundikiwa mashine kwenye ubao uliopigiliwa pembeni. Chombo kikilalia upande wa pili, propela hutoka majini. Kikilalia upande wa mashine, kichwa cha mashine huogeshwa maji ya chumvi. Kwa kuwa msukumo unatoka upande mmoja, nahodha hulazimika kuushikilia usukani kinyume safari nzima, na usukani ulioshikiliwa kinyume unarudisha chombo nyuma. Ubao huo ungesogezwa karibu iwezekanavyo na mstari wa mkuku, ule mti wa chini unaokwenda urefu wote wa chombo, ukaimarishwa kwa boliti zinazopenya hadi ndani kwenye mataruma, yaani mbavu za chombo, badala ya misumari, na mashine ikawa ya shafti ndefu yenye propela ya hatua ndogo, nusu ya malalamiko yangekwisha. Seremala wa vyombo pia ana sehemu yake. Mkuku unaofika hadi kwenye tezi ukiwa na uso mnene uliokatwa wima hutibua maji yanayoingia kwenye propela; ukichongwa taratibu ukawa mwembamba kuelekea mwisho, maji hufika yakiwa yametulia, na propela inayashika.

Kuhusu kuinamisha mashine, nitasema kwa ajili ya usalama zaidi kuliko mwendo. Kuna pini inayopita katika matundu ya kishikio, na tundu linalochaguliwa huamua kama mguu wa mashine utakuwa karibu na ubao au mbali nao. Ukiwa karibu, omo hushuka; ukiwa mbali, omo hupanda. Kwenda dhidi ya mawimbi mafupi ya kusi, omo lililoshushwa kiasi hukata maji vizuri na kuwapunguzia watu kipigo. Lakini nahodha huyo huyo akirudi na mawimbi nyuma yake, kama anapoingia mlango wa mto Pangani penye fungu la mchanga, omo lililoshuka huchimba mgongo wa wimbi la mbele, tezi hunyanyuliwa na wimbi la nyuma, na chombo hugeuzwa ubavu kabla hajafanya lolote. Pini ihamishwe tundu moja nje kabla ya kuingia mlangoni, watu na mzigo wasogee nyuma kidogo, na resi irekebishwe ili boti ikae mgongoni mwa wimbi bila kulipita. Boti inayorukaruka omo kwenye maji matulivu, kwa upande mwingine, inahitaji mashine isogezwe ndani tundu moja au mzigo upelekwe mbele. Na ile inayovuta upande mmoja ingawa mashine imefungwa katikati, iangaliwe kibamba kidogo kilicho chini ya lile bamba kubwa: ikivuta kushoto, ncha ya nyuma ya kibamba hicho isogezwe kushoto kidogo kidogo mpaka mkono upumzike.

Mzigo sitausemea sana kwa kuwa kila nahodha anaujua, ingawa si kila nahodha anaufuata. Barafu ikae katikati. Dumu za petroli zisirundikwe zote tezini karibu na mashine kwa sababu tu mpira wa mafuta ni mfupi. Mpira mrefu unauzwa. Maji ya ngama, yaani yaliyotuama ndani ya chombo, yafuliwe kabla ya kuondoka, kwani lita 100 za maji ni kilo 100, tena kilo zinazokimbilia upande ambao boti imelalia.

Chini ya chombo pia panasahauliwa. Mashua iliyokaa majini miezi mingi huota majani na makombe madogo yanayokwaruza mkono, na chombo chenye chini ya namna hiyo hupoteza mwendo kila wiki bila mwenyewe kutambua. Wazee walikuwa wakipandisha vyombo, wakavichoma chini kwa makuti makavu, wakakalafati, yaani kuziba nyufa za mbao, na kupaka deheni, mafuta mazito ya kukinga mbao, na sababu yao haikuwa wadudu peke yao. Boti ya faiba haichomwi, lakini inasuguliwa, na pale ilipopasuliwa na mwamba kiraka chake kinapaswa kupigwa msasa kikawa sawa na sehemu nyingine, hasa katika mita moja na nusu ya mwisho kuelekea tezi, ambako nundu au bonde dogo huivuta boti nzima chini. Propela nayo ikaguliwe makali yake. Bawa lililopinda kwa kugonga mwamba hutikisa mashine, hukata sili za shafti, na mwishowe maji ya chumvi huingia kwenye oili ya gia ikawa nyeupe kama tui.

Najua wavuvi watanijibu kwamba mimi sipo baharini wakati mawingu yanapokusanyika, na kwamba mashine kubwa ni akiba ya kukimbilia nyumbani. Hoja hiyo ninaiheshimu. Hata hivyo akiba ya nguvu ina faida pale tu chombo kinapoweza kuitumia. Mashua iliyofika kikomo chake haikimbii dhoruba kwa HP 40. Inazamisha tezi na kuyakaribisha maji. Ubao wa tezi uliojengwa kwa mashine ya kilo 40 ukibebeshwa ya kilo 70 hupasuka kwenye pembe zake, na nyufa hizo huwa hazionekani mpaka siku ya mawimbi. Wakaguzi wa TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania) kwa upande wa Bara, na wenzao wa Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa upande wa Zanzibar, wanapokagua vyombo vidogo wangefanya jambo jema kuangalia ubao huo pamoja na maboya na vizima moto. Nahodha naye aifunge mkononi ile kamba nyekundu ya kuzimia mashine. Katika boti nyepesi inayogeuka kwa wepesi, mtu akirushwa na boti ikaendelea kuzunguka peke yake, propela haichagui.

Ombi langu kwa wahusika ni hili. Katika miaka ya karibuni Serikali imekuwa ikiwapatia wavuvi na vikundi vyao boti za faiba na mashine kwa mikopo nafuu, na ni hatua nzuri. Lakini boti, mashine na propela hufika kama vitu vitatu vilivyokutana njiani. Vikundi viwili vinaweza kupewa boti zinazofanana, kimoja kikavua dagaa kwa taa kikiwa na watu wengi na nyavu nzito, kingine kikavua kwa mishipi kikiwa na watu watatu, na vyote vikapewa propela ya namba moja. Maduka nayo, ukiulizia propela ya hatua ndogo, mengi hujibu kwamba haiulizwi na watu, jambo ambalo ni kweli, na halitaacha kuwa kweli mpaka aanze mtu kuiuliza kwa wingi. Mnunuzi mkubwa kama mradi wa Serikali ndiye anayeweza kuwabadilisha waagizaji, kwa kuandika katika zabuni kwamba kila mashine ije na propela mbili za hatua tofauti, na kwamba shafti ilingane na ubao wa boti itakayofungwa.

Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, wenye chuo chake Mbegani kule Bagamoyo ambako ufundi wa boti na mashine umefundishwa kwa miaka mingi, wangeweza kuwapeleka wanafunzi wa mwaka wa mwisho kwenye madiko wakiwa na takometa, wakapima boti moja baada ya nyingine zikiwa na mzigo halisi. Wanafunzi wangejifunza zaidi ya wanavyojifunza kwa mashine iliyofungwa kwenye pipa la maji. Kila BMU, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia uvuvi katika diko lao, ingeweza kununua takometa yake moja na kuwaazima wanachama. Na katika fomu ya makabidhiano ya boti za mkopo iongezwe mistari mitatu: hatua ya propela iliyofungwa, kimo cha bamba kutoka chini ya boti, na mizunguko kwa dakika boti ikiwa na mzigo na resi ikiwa wazi yote. Mstari wa tatu ukisomeka chini ya 4,500 kwa mashine ambayo kitabu chake kinataka zaidi, mvuvi asisaini mpaka propela ibadilishwe.

Wako,
Fundi wa mashine za boti,
Sahare, Tanga.